Kidole cha Mwanakheri

Mwanakheri alifariki mwezi wa Shaabani, na habari ilinikuta jikoni nikichagua mchele. Nilimaliza kuuchagua mchele wote kwanza, chuya kwa chuya, ndipo nikaenda kutafuta buibui. Huko Makunduchi, siku ya hitima, binti yake mkubwa alinishika mkono mbele ya wanawake wote akanipeleka kukaa juu kabisa ya jamvi, karibu na chetezo, akasema kwa sauti: “Huyu ndiye Mama Mkubwa Rukia wa mjini, yule aliyekuwa akipiga bunduki.” Wanawake wakageuka. Bibi mmoja asiye na meno akaniuliza kama ni kweli niliangusha vibati vitano kwa risasi tano, nami nikasema ni kweli. “Mama alikuwa hachoki kutusimulia,” akasema yule binti. “Akisema hajapata kumwona mwanamke mwenye mkono kama wako.” Nikainamisha kichwa kama anayelia. Sikuwa nalia. Nina miaka sabini na kitu, meno yangu ya chini ni ya kununua, na pale jamvini, mbele ya watu wanaomsomea maiti, roho ilikuwa inanisokota kwa wivu ule ule wa zamani, kwamba hata kwenye sanda yake alikuwa mwema kunishinda.

Mwaka ninaousema ni sitini na saba. Mimi na yeye tulikuwa na miaka kumi na saba, tumepishana miezi miwili, na mimi ndiye mkubwa, jambo nililokuwa nikilikumbusha kila siku. Mama yake ni mdogo wake mama yangu. Alikuja kwetu Mkunazini kwa sababu kwao shule ilikuwa imefika mwisho wake na yeye alikuwa hajafika wake. Baba yake alimleta mwenyewe, akakaa ukumbini kwenye ncha ya kiti kama mtu anayeogopa kukivunja, akanywa kahawa vikombe vitatu, kisha akamwambia Mama: “Shemegi, nnakuachia. Asome. Lakini siku nitakayolisikia jina la binti yangu sokoni, kwa zuri au kwa baya, nnakuja kumchukua.” Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya vikombe, nikaona ni maneno ya kishamba. Nikapewa mgeni wangu na chumba changu kikakatwa nusu. Kilikuwa chumba cha ghorofa ya tatu, chenye dirisha moja, na kitanda kimoja cha semadari, cha nguzo na kioo, ambacho nilikuwa nikilala katikati yake tangu nipate akili. Tangu siku ile nililala ukutani. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona.

Wala hakuwa na makosa, na hilo ndilo lililoniudhi. Angekuwa mvivu, au mchafu, au mdokozi wa sukari, tungepatana vizuri sana. Aliamka kabla ya adhana akateka maji. Alijua kukuna nazi mpaka kifuu kinabaki cheupe. Mimi nikikaa kwenye mbuzi Mama alikuwa akiinua kifuu changu juu ya mwanga na kuuliza kama nimeogopa kukiumiza. Jioni moja nilikuwa ngazini nikishuka polepole, nikamsikia Mama akizungumza na jirani yetu Bi. Salama. Walikuwa wanakunja tambi. “Huyu mtoto wa mdogo wangu,” alisema Mama, “ukimwagiza jambo analishika mpaka linakwisha. Wangu hanalo hilo. Wangu anaanza vizuri.” Bi. Salama akacheka, akasema, “Wako mzuri wa sura, Bi. Zuhura. Mungu hampi mja vyote.” Nikapanda ngazi tena bila ya kutia mguu ukumbini. Nilijitazama kwenye kioo cha kitanda muda mrefu. Sura ilikuwepo kweli, lakini haikunifaa kitu jioni ile.

Ile bunduki ililetwa shuleni baada ya masika. Ilikuwa ni bunduki ya upepo, ile unayoukunja mtutu ili kuikaza springi, ukatia kirisasi kidogo chenye kiuno, ukaurudisha mtutu, ukafyatua. Zama zile tulikuwa tukiambiwa kuwa msichana naye ajue shabaha, na kila shule itoe mmoja wake kwenda kushindana kwenye michezo ya Januari. Bunduki moja, nafasi moja. Mwalimu wetu alikuwa Makame, kijana wa hesabu, mrefu, mwenye suruali fupi kuliko miguu yake, na sisi wasichana tulikuwa tukimcheka na kumpenda kwa wakati mmoja. Tulianza kumi na wanne. Wengine walikatazwa na baba zao, wengine walichoka kuukunja mtutu, na ilipofika vuli tulibaki wawili, mimi na Mwanakheri. Bila shaka. Angebaki nani mwingine?

Sasa lazima niseme jambo, na walioniona wakati ule wataniunga mkono. Kwa shabaha mimi nilimshinda. Mwalimu akibandika karatasi ukutani, risasi zangu zilikaa pamoja kama mbegu za papai, na zake zilitawanyika. Lakini mashindano hayakuwa ya karatasi. Yalikuwa ya vibati. Walikata makopo ya maziwa, wakavitia bawaba chini, wakavisimamisha vitano juu ya ubao, na sharti ni kwamba kibati kianguke chali. Kugusa tu hakuhesabiwi. Nikipiga mimi, kinalia tang, katikati kabisa, kinatikisika, kisha kinasimama kunitazama. Akipiga Mwanakheri, pembeni, juu, popote, kinalala. Bunduki ni ile ile. Virisasi vinatoka kwenye kopo lile lile. Tunasimama mstari mmoja, hatua ishirini. Nilianza kuvichagua virisasi vizito kwa kuvipima kwenye ulimi. Nilianza kudai nitangulie, kisha nikadai nifuatie. Haikusaidia kitu.

Mwalimu Makame naye alikuwa mtu wa kutaka kujua. Siku moja alikuja na kipande cha sabuni ya mche alichokitoa jikoni kwa mama yake bila ya ruhusa, na sabuni siku hizo ilikuwa ya kupigiwa foleni. Alikiegemeza kwenye tofali, akatwambia tukipige kwa karibu, hatua tatu, kila mtu risasi tatu. Kisha akachukua njiti ya chelewa, akaitia kwenye kila tundu, akaishika kwa ukucha pale inapoishia, akaipima kwenye kidole chake. Matundu yangu yalifika pingili ya kwanza. Ya Mwanakheri yalipita pingili ya pili. Akapima tena. “Ajabu hii,” alisema. “Risasi ya Mwanakheri inakwenda mbio kuliko yako, na bunduki moja.” Akacheka, akampiga Mwanakheri kikofi cha begani. “Bunduki imekupenda, mwanangu.” Mimi nilikuwa nimeshika lile kopo la virisasi. Nakumbuka nilikuwa nalitikisa, na kwamba nilitamani limwagike kila mahali tukae tuokote mpaka magharibi, ili wakome kuitazama ile sabuni.

Njiani kurudi nyumbani, tunapita Darajani, nilimuuliza. Nilijifanya sijali. “Wewe unafanya nini na ile bunduki?” Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, tabia nyingine iliyoniudhi. “Sifanyi kitu. Mie navuta tu. Navuta mpaka inapogota, halafu nnashika hapo hapo.” Nikamwambia kila mtu anavuta. “Basi sijui, dada,” akasema. Aliniita dada kwa ile miezi miwili. Nami nikaamini ananificha. Mwenye kijicho haambiliki. Mtu aliniwekea siri yake kiganjani, wazi, barabarani, bure, nami nikaitupa kwa sababu ilikuwa nyepesi mno.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Desemba. Tuliendelea na mazoezi baada ya alasiri, mate yamekauka, na nyumba zote za mtaa zinanuka ndizi mbivu za nazi. Kulikuwa na amri moja kali ya bunduki: usitie mafuta mtutuni. Ukitia tone moja la mafuta ya nazi, ule upepo ukibanwa unayaunguza, risasi inatoka kwa nguvu za ajabu na moshi kidogo, lakini washa, ile pete ya ngozi inayoziba upepo ndani, inaungua, na washa nyingine haipatikani kisiwa kizima. Mwalimu alikwisha kusema: atakayetia mafuta hatagusa bunduki tena. Nilikuwa nikilijua hilo kama Alhamdu. Na alasiri moja, katika kumi la mwisho, Mwanakheri alipoangusha vibati vyote vitano na mimi nikaangusha kimoja, nilimwendea Mwalimu pembeni, nikamwambia: “Mwalimu, mimi nimeona mafuta kwenye vidole vyake.”

Ilikuwa kweli. Vidole vyake vilikuwa na mafuta, na kitako cha bunduki kilikuwa na alama zake. Lakini yalikuwa ya kichwani mwangu. Adhuhuri ile alinisuka mtindo wa twende kilioni, mistari kumi, huku mimi nimekaa chini baina ya magoti yake nalalamika kuwa anavuta. Sikulisema hilo. Nilisema nilichokiona, na nilichokiona kilikuwa kweli, na nilirudi kusimama mahali pangu.

Wakatuita kwenye chumba cha darasa la kwanza, penye viti vidogo. Walikuwepo Mwalimu Makame na vijana wawili wa kamati ya michezo, wote watatu hawajaoa. Walimu wanawake walikuwa wameshakwenda kwao kuwahi kupika futari. Mwanakheri aliulizwa kama ametia mafuta, akasema hakutia. Aliulizwa mafuta ya mkononi yametoka wapi, akanitazama, akasema ni ya kusukia. Kijana mmoja wa kamati, aliyekuwa amesoma chuoni kwa masheikh na alitaka ijulikane, akasema dini iko wazi, ushahidi ni wa mdai na yamini ni ya mwenye kukana. Ale yamini, mambo yaishe. Ukaletwa msahafu kutoka kabatini, umefungwa kitambaa cha kijani. Mwalimu akakifungua kitambaa, akausogeza msahafu mbele ya Mwanakheri kwa mikono miwili. Nadhani alifanya hivyo kwa wema, alitaka amalize upesi ili mtoto apate nafasi yake.

Mwanakheri hakunyoosha mkono. Mikono yake ilikuwa mapajani, na aliibana baina ya magoti kama mtu anayeona baridi. “Shika, mwanangu, useme wallahi,” alisema Mwalimu. Hakushika. Uso wote ulimjaa damu mpaka masikioni. Wale wanaume walikuwa wanangoja, na mimi nilikuwa naijua sababu. Asubuhi ile mimi mwenyewe nilimpelekea chumbani kipande cha muhogo uliobaki wa daku, nimekifunika kawa, ili kaka zangu wasimwone akila mchana. Tangu juzi yake hakuwa akiswali. Mwanamke aliye katika siku zake hagusi msahafu, mtoto wa chuoni anajua hilo, lakini vijana watatu wasio na wake hawakulikumbuka. Na msichana wa Makunduchi wa mwaka ule angekubali kufa kwanza kabla ya kulitamka mbele yao. Mwanamke mwingine chumbani mle nilikuwa mimi peke yangu. Neno moja tu, “Mwalimu, ana udhuru,” na wangeinamisha macho na kuufunga msahafu. Aliniangalia mara moja. Hakuniomba kwa mdomo wala kwa mkono. Nami nilikitazama kile kitambaa cha kijani, jinsi kilivyoshonwa pindo kwa uzi mweupe, mpaka yule kijana wa kamati akasema, “Basi. Tumeshaona.”

Nyumbani Mwanakheri alimweleza Mama, na Mama akamwamini hapo hapo. Kisha Mama akanigeukia mimi. Alikuwa anakoroga uji na hakuacha kukoroga. “Na wewe ulikuwepo. Hukusema?” Nikamjibu: “Mbele ya wanaume, Mama?” Mama akatikisa kichwa kukubali. Nililelewa hivyo, na yeye ndiye aliyenilea. Akasema mtoto angoje atoharike, aende akale yamini yake kwa heshima. Baada ya siku tatu Mwanakheri alikoga, akavaa nguo safi, akaenda peke yake. Alirudi baada ya muda mfupi sana. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba yamini haiwekwi akiba, na kwamba mtu mkweli hahitaji siku tatu za kutafuta ujasiri. “Hukumwambia kwa nini?” Mama aliuliza. “Nimwambie vipi, Mama Mkubwa? Yeye mwanamme.” Mama akasema atakwenda kumwona mke wa mwalimu mkuu, mwanamke kwa mwanamke, baada ya sikukuu, maana shule ilikuwa inafungwa na kila mtu alikuwa mbioni na nguo za Idi. Usiku ule tulilala kitanda kimoja, migongo yetu inagusana, na mimi ndiye niliyechelewa kupata usingizi.

Nafasi ikawa yangu. Mwalimu alinikabidhi bunduki niipeleke kwa Fundi Gulamu, Sokomuhogo, aiangalie washa kama imeungua. Fundi Gulamu alikuwa mtengenezaji wa vyerehani, mzee wa miwani iliyofungwa uzi, na duka lake lilikuwa dogo hata mteja alilazimika kusimama barazani. Aliifungua bunduki akaitandaza juu ya gazeti. Akainusa washa, akaikunja kwa vidole, akasema, “Nani kakwambia imeungua? Nzima kabisa. Mafuta hayajaingia humu.” Kisha akaigeuza pistoni kwenye mwanga, akaniita nisogee. Ubavuni mwake palikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu, unang'aa. “Unaona? Hapa pana kulabu ndogo inaishika hii pistoni. Ukivuta kifyatulio, kulabu inashuka, pistoni inakwenda. Sasa bunduki hii nzee, kulabu imelegea. Mtu akivuta kwa woga, akaachia kidole upesi, kulabu inarudi juu kabla pistoni haijapita. Inaikwaruza ubavu. Nguvu yote inaliwa hapa, risasi inatoka imechoka. Nani anapiga?” Nikasema ni sisi wasichana. “Mmoja wenu anaachia kidole,” alisema. “Mwambie avute mpaka inapogota, ashike hapo, ahesabu moja, ndiyo aachie. Ataona mwenyewe.” Akaanza kuifunga skrubu moja moja, huku anaimba kwa puani.

Nilirudi na ile bunduki imefungwa kanga kwa njia ndefu, nikizunguka mpaka Kiponda bila ya sababu. Kwa hiyo ilikuwa kidole tu. Haikuwa mafuta, haikuwa uchawi, wala bunduki haikumpenda mtu. Yeye alivuta jambo mpaka mwisho wake na mimi niliachia, kama Mama alivyosema siku ile ya tambi. Nilikuwa na kila kitu cha kumsafishia jina mwenzangu, na hakuna aliyekuwa nacho ila mimi na mzee wa vyerehani asiyejua habari. Mwalimu aliniuliza, “Fundi kasemaje?” Nikasema: “Kasema washa nzima.” “Alhamdulillahi,” alisema Mwalimu, “tulimuwahi.” Sikumwongezea neno. Mwaka ule mzima, nikiuhesabu leo, sikusema uongo hata mmoja. Nilikuwa mwangalifu sana.

Michezo ilikuwa baada ya Idi, uwanja umejaa watu wa mjini na wa shamba, magari ya shamba yamepangana na bendera. Mama alikuja na Bi. Salama, na Mwanakheri alikuja nao, amenishikia buibui langu mkononi. Nilisimama kwenye mstari, nikalenga, nikavuta mpaka kikagota, nikashika, nikahesabu moja. Kibati kililala. Sitaficha kwamba ilikuwa raha. Cha pili kililala, cha tatu, cha nne, na cha tano kililala kabla vigelegele vya cha nne havijaisha. Nikapewa chupa ya chai yenye picha ya maua na kitambaa yadi nne. Mama alilia. Mwalimu Makame alirukaruka na ile suruali yake. Mwanakheri alinivisha buibui, akaniweka sawa ushungi, akasema kwa sauti ya chini, karibu na sikio: “Leo umevuta mpaka mwisho.” Nikajua kwamba amejua. Alikijua kidole kile kuliko mtu yeyote, na aliona kimebadilika, na akili yake haikuhitaji kuelezwa kimebadilishwa lini na kwa nini sikusema. Ushindi ule nilikuwa nao kwa muda wa kutembea kutoka mstarini mpaka kwenye ushungi wangu.

Baba yake alikuwa katika umati ule ule. Alikuja kuangalia michezo kama watu wote wa shamba, akasimama nyuma ya watu wasiomjua, akawasikia wakiulizana yuko wapi yule msichana mwingine, yule aliyeukimbia msahafu. Kesho yake asubuhi alikuwa ukumbini kwetu, na safari hii hakukubali kahawa. Mama, ambaye alikuwa bado hajafika kwa mke wa mwalimu mkuu, alimweleza kila kitu, kwa maneno ya heshima, macho chini. Alisikiliza mpaka mwisho. “Shemegi, mimi nnaamini,” alisema. “Lakini ukweli huo mnaujua nyinyi wa ndani. Huko nje nitamsimamisha nani barabarani nimweleze siku za binti yangu?” Mama akasema pengine Mwalimu atakubali kusema kwamba hapakuwa na mafuta. Hapo baba yake Mwanakheri akanitazama mimi. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyekesha. “Mwanangu, wewe ndiye uliyeyaona. Uliyaona au hukuyaona?” Mlango ulikuwa wazi kabisa, na Mama alinitazama, na Mwanakheri alikuwa nyuma ya lile pazia, miguu yake inaonekana. Ningesema yametoka kichwani mwangu, baba. Ningesema fundi ameniambia. Angebaki, angesoma, na mimi ningekuwa nani katika nyumba ile? Nikasema: “Niliyaona.” Akainuka. “Basi akafunge nguo zake,” alisema.

Alifunga furushi lake kwa muda mfupi, vitu vyake vilikuwa vichache. Kwa desturi yetu anayesafiri huwaaga watu wa nyumba kwa kuomba radhi, mmoja mmoja, asije akaondoka na kinyongo cha mtu. Humwambia, “Nisamehe kama nimekukosea,” na mwenye kuombwa hujibu, “Nimekusamehe, na wewe nisamehe.” Yote mawili husemwa kwa pumzi moja, hata watoto hawayatenganishi. Nilimsikia akimuaga Mama, na Mama akijibu kwa kwikwi. Nilimsikia akiwaaga kaka zangu mlangoni. Alimuaga Bi. Salama kwa dirishani. Halafu akapanda ngazi akaja chumbani, ambako nilikuwa nimekaa kitandani, katikati, mahali pangu pa zamani. Alisimama mbele yangu na furushi chini ya kwapa. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia lakini ulikuwa mweupe, hauna kitu ndani yake cha kuficha, na Mungu anisamehe, hata huo niliuonea wivu.

“Dada Rukia, mie nnakwenda. Nisamehe kama nimekukosea.”

“Nimekusamehe,” nilisema.

Akangoja. Chini, baba yake akaita, “Mwanakheri!” Akaitika, “Naam!” bila ya kuyaondoa macho yake usoni pangu, na akangoja tena kidogo. Kisha akageuka. Nilimsikia akishuka ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza, polepole, kama mtu anayetegemea kuitwa.